Kihispania cha Kumpokea Mkwe

Jamaa tunayemwita Injini alikuwa ameanika betri za redio yake juani tangu asubuhi, kwa hiyo jioni ile redio ilisema kwa sauti nene, kama mtu aliyeshiba. Tulikuwa kijiweni kwetu pale Nchelenge, juu ya mtumbwi mkuukuu uliolazwa kifudifudi kati ya ziwa na kituo cha basi. Hapo ndipo ninapouzia chai na vitumbua. Wote wananiita Nkambo, yaani bibi, hata wale wanaonizidi mvi.

Yakaja matangazo ya misiba, kisha ya wageni. Msomaji akasema kwa Kibemba: "Bwana Goodson wa Nchelenge. Binti yako Chileshe anakuja Alhamisi kwa basi, pamoja na mchumba wake Fermín kutoka Hispania. Fermín hajui Kibemba wala Kiingereza. Chileshe anasema, baba, mpokee vizuri."

Sote tukageuka. Goodson tunamwita Kimya, kwa sababu kumtoa neno ni kama kumng'oa jino. Alikuwa na kitumbua mdomoni. Hakukitafuna, hakukitema.

"Kimya!" Priscille akaruka. Huyu ni mama wa Kongo anayeuza vitenge, nasi tunamwita Douane, yaani forodha, maana hakuna habari inayopita mbele yake bila kufunguliwa mizigo. "Weye uko na mukwe muzungu na haukutuambia?"

"Nami nimesikia sasa," Kimya akasema.

"Mutoto ametumia redio!" Injini akacheka. Kazi yake ni kufufua injini za boti, lakini ulimi wake ndio hauzimiki. "Ziwa yote imejua. Chisenga kisiwani banajua. Kilwa ng'ambo ya Kongo banajua. Samaki nao banajua, ndiyo maana jana bakakataa kuingia mu wavu ya Kimya. Banaogopa kuliwa na muzungu."

Watu wakacheka, lakini Kimya alikuwa anaangalia chai yake. "Alisema, mpokee vizuri," akasema polepole. "Ni vile alisema?"

Nikamwongezea sukari bila kumuuliza. Nilijua kinachomchoma. Chileshe ni mtoto wake mmoja tu, masista walimpeleka Hispania kusomea uuguzi, na tangu aondoke, yule baba amekuwa akitengeneza wavu uliokwisha kutengenezwa. Na sote tulikumbuka yaliyompata Febby wa Mununga. Alileta mume kutoka mbali, wakamwacha mume akae nje kwenye mvua kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aingie wapi. Asubuhi mume akaondoka, Febby akamfuata. Mpaka leo mama yake anapata salamu kupitia madereva wa malori.

"Kama muzungu ataona hatumutaki," Kimya akasema, "atarudi kwao. Na Chileshe atamufuata."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. Hata Injini akapunguza sauti ya redio.

"Basi mambo ni mepesi," akasema Nsama. Huyu ndiye Sheria. Alikaa miaka mingi kwenye baraza la chifu, na hata akiomba kitumbua anaomba kama anatoa hukumu. "Tufuate desturi. Mukwe haoni mama mukwe, mama mukwe haoni mukwe. Hapana kupita mbele yake. Hapana kula mbele yake. Mpaka siku mama mwenyewe atapika chakula, amuletee na mukono yake. Siku hiyo njia imefunguka."

"Na hiyo siku ni lini?" Douane akauliza.

"Kiisha ndoa. Kiisha mutoto wa kwanza. Mimi nilingoya mpaka meno ikaanza kutoka."

"Ya mutoto?"

"Yangu."

Tukacheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Sheria hakucheka. "Munacheka, lakini Chileshe akishuka tu, mashangazi banamufunika kitenge, banamupeleka ndani. Muzungu atabaki na Kimya. Neno ya kwanza kwa mukwe inatoka kwa baba, hapana kwa jirani. Sasa Kimya atamwambia akae wapi? Na luga gani?"

Ndipo Valère akakohoa. Alikuwa amekaa mwisho wa mtumbwi juu ya gunia lake la chumvi, nywele zimepakwa mafuta, akingoja tumuulize. Anavuka ziwa na chumvi, anarudi kwao na samaki wakavu, na katikati anatufundisha kila kitu. Tunamwita Professeur.

"Bamama na bapapa," akasema, "mulisahau kama mimi nilipikia padri Muespanyol? Kule kwetu, wakati inchi ilikuwa bado Zaïre. Siku moja nilivuka asubuhi nikitoka Zaïre, jioni nikarudia Congo. Inchi ilibadilisha jina niko ndani ya mutumbwi! Mais Espanyol yangu haikubadilika."

"Mufundishe basi," nikasema.

Professeur akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Tutaacha majina ya vitu. Muzungu eko na macho, anaona vitu. Tutaacha verbes, yale maneno ya kutenda, zinasumbua sana, hata padri zilimusumbua akikasirika. Tutasoma yale maneno madogo ya kuonyesha mahali. Kila kitu ya dunia iko juu ya kitu, ao chini, ao ndani, ao nyuma. Mutu akijua ile, amejua dunia yote. Inabaki tu kujua bei."

Akachukua kikombe changu, akakiweka juu ya mtumbwi. "Sobre la canoa. Juu ya mutumbwi." Akakisukuma chini. "Debajo de la canoa. Chini ya mutumbwi. Munasikia ile 'de'? Ni ndugu ya 'ya' yetu. Nyuma ya, detrás de. Mbele ya, delante de. Mbali na, lejos de. Karibu na, cerca de. Kimya, sema."

"Detrás de," Kimya akasema, akifumba macho kama anayemeza kwinini.

"Bien! Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya... mutumbwi."

"Detrás de la canoa! Eko na kichwa, huyu mutu!"

"Na 'kwa'?" Injini akauliza. "Sisi tuko na 'kwa'. Naenda kwa Nkambo, nakula kwa mukono, nalia kwa furaha. Hiyo 'kwa' moja inafanya kazi yote ya nyumba, inapika, inafua, inachota maji."

"Ah! Kule kwa Baespanyol hiyo kazi banagawanya," Professeur akasema. "Iko para, iko por. Kitu inaenda kwa mutu, ni para. Samaki hii para Chileshe. Mais kitu inafanyika juu ya mutu, sababu yake, ni por. Kimya anatoka jasho juu ya nani? Por Chileshe."

"Por Chileshe," Kimya akasema. Kisha akasema tena, na hakuna aliyemwomba arudie. Nikaona anatabasamu mwenyewe, akiangalia vidole vyake.

Wakati huo Sheria alikuwa anapima maneno kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Mukwai, waungwana, tusimupe Kimya mzigo asiyoweza kubeba. Tuchukue ile inafaa. Chini ya, ni ya nini? Mukwe haendi chini ya kitanda. Tupa. Juu ya? Hatapanda juu ya nyumba. Tupa. Nyuma ya, hiyo ndiyo! Tunamuwekea kiti nyuma ya nyumba, mama asimuone. Sema namna gani?"

"Detrás de la casa."

"Shika hiyo. Mbali na jikoni?"

"Lejos de la cocina."

"Shika. Na bila? Bila ya mama kuwa pale?"

"Sin. Sin la madre. Hiyo najua sana, padri alikuwa na presha, kila siku ni sin sal, bila chumvi."

"Vizuri kabisa. Tatu zinatosha."

"Ngoya kidogo," Douane akasema, mikono kiunoni. "Na 'pamoja na'?"

"Con," Professeur akamjibu.

"Pamoja na nani?" Sheria akauliza. "Na mama mukwe? Tupa."

"Na 'karibu na'?"

"Hatari. Tupa."

"Sheria, weye unamufundisha mutu kufukuza, hapana kupokea! Nyuma, mbali, bila! Mimi mutu akiniambia vile kwenye duka yangu, nafunga mulango!"

"Kupokea itafanywa na mikono," Sheria akasema. "Mikono haina luga."

Basi wakaanza mazoezi. Injini akawa mkwe, akabeba gunia la chumvi kama begi, akatembea kwa maringo akitoka upande wa kituo. Mimi nikawa mama mkwe, Douane akanifunika kitenge kichwani. Kimya akasimama katikati yetu, na kila nilipochungulia alipiga kelele, "Sin la madre!" mpaka wavuvi waliokuwa wakivuta mtumbwi nchi kavu wakaja kuuliza nani anagombana. Kila jioni ikawa hivyo. Kufikia Jumatano hata wao walikuwa wanajua. Ukiuliza bei ya samaki pale ufukweni, mtu anakujibu yuko lejos de la cocina.

Alhamisi tulijaa kijiweni mapema. Kimya alikuwa amevaa koti la harusi yake. Lilimbana kwapani, akawa amesimama mikono imeachana na mwili kama ndege anayeanika mbawa. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara tu, na nyuma ya uzio wa matete tulisikia Olipa mkewe akipika. Alianza alfajiri. Harufu ya samaki wabichi kwenye mchuzi wa karanga ilikuwa inavuka barabara peke yake bila kuangalia kushoto wala kulia.

"Unakumbuka?" Professeur akamuuliza.

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Sema moja."

Kimya akakataa kwa kichwa. Aliogopa kulitumia neno mapema.

Basi likafika na vumbi lake. Dereva alikuwa amemkalisha mgeni mbele, karibu naye, kwa sababu ya urefu wa magoti. Chileshe akashuka wa kwanza, amenenepa kidogo, mzuri kweli, na kabla hajasema neno mashangazi wakamrukia kwa vigelegele, wakamfunika, wakambeba.

"Baba, ngoja kwanza, nimwambie..." tulimsikia akisema ndani ya kitenge.

"Utasema ndani!" shangazi mmoja akamjibu, na uzio ukafungwa.

Akabaki Fermín. Alikuwa kijana mwenye ndevu, pua nyekundu kwa jua, begi begani, na mkononi kikaango kipya kipana kama ungo. Baadaye dereva alituambia amekishikilia magotini njia yote kutoka Lusaka, akakataa kukiweka chini watu wasije kukikanyaga. Akatabasamu kwa Kimya. Akanyoosha kile kikaango kuelekea nyumbani, akasema kwa adabu:

"Para la madre."

Sasa kila mtu pale alijua "para", na kila mtu alijua "la madre". Kilikuwa zawadi kwa mama. Lakini Kimya alikuwa amezoezwa jambo moja tu, akisikia mama ametajwa, azuie.

"Sin!" akapiga kelele. "Sin la madre!"

Fermín akarudi hatua moja.

"Lejos de la cocina!" Kimya akaendelea, jasho likimtiririka. Na ile mikono ambayo Sheria alisema itapokea, ilikuwa imebanwa na koti. Ilichoweza kufanya ni kusukuma hewa tu. "Detrás de la casa! Lejos! Sin! Sin!"

Tabasamu la kijana likaondoka kidogokidogo, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Professeur, saidia!" Douane akasema. "Atakimbia!"

Professeur akajitosa mbele, akaweka mkono kifuani, akatafuta kitu kizuri cha kusema kutoka miaka yake yote ya jikoni. "Señor," akasema, "sin sal!"

"Umemwambia nini?"

"Bila chumvi."

"Mayo ee!" Injini akashika kichwa. "Sasa hata chumvi tumemunyima!"

Fermín hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyotuuma. Alikilaza kikaango juu ya mtumbwi taratibu, akakifuta vumbi kwa kiganja. Akamwinamia Kimya kidogo, kama unavyomwinamia mzee uliyemsumbua, akageuka kwenda kwenye basi. Basi lilikuwa bado linashusha magunia. Hakujua hata linaelekea wapi.

Kimya akamfuata mbio. Alipofika mlangoni akaukamata mkanda wa lile begi kwa mikono miwili na kuushikilia kama anavyoshika wavu upepo ukivuta. Kijana alivuta polepole kwa adabu. Mzee naye alivuta polepole kwa adabu. Koti likapasuka kwapani.

"Mwacheni mutoto ashuke!" Douane alikuwa anafokea uzio. "Mwacheni Chileshe atoke aseme!"

Uzio ukafunguka, lakini aliyetoka si Chileshe. Alitoka Olipa.

Alitoka kinyumenyume. Kitenge kilimfunika uso hadi kidevuni, sinia lilikuwa kichwani lina bukari, ule ugali wetu, samaki na bakuli la maji ya kunawa, na mgongo wake ulikuwa unatangulia kuelekea basi.

"Mama Chileshe!" Sheria akasimama. "Desturi!"

"Nsama, nyamaza," Olipa akasema chini ya kitenge. "Mimi naangalia nyumba yangu. Nani anasema naangalia mutu?"

"Siku bado! Ndoa bado! Mutoto bado!"

"Ulisema siku mama atapika na kuleta na mukono yake. Mimi nimepika. Naleta. Barabara iko wapi?"

Hapo kijiwe kizima kikaanza kumwongoza. "Kushoto kidogo, mama!" "Kulia, kulia, iko jiwe!" "Ngoya, baiskeli inapita!" Injini alitangulia akiondoa magunia njiani. Mwenye baiskeli mwenyewe alishuka, akashika kiwiko cha Olipa pale penye mtaro, kisha akaenda zake. Maji kwenye bakuli yalitikisika lakini hayakumwagika.

Fermín alikuwa ameacha kuvuta begi. Aliangalia ule mgongo unaomjia. Hakuelewa, iliandikwa usoni mwake kwamba haelewi, lakini aliona mwanamke mzima amejifunika uso asimtazame, na nadhani alifikiri heshima ni kufanya naye vilevile. Akageuka. Akampa mgongo.

Olipa akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka migongo yao ikagusana. Wakasimama hivyo, mmoja anaangalia nyumba, mwingine anaangalia mlango wa basi, na samaki anapoa.

"Sasa atachukua namna gani?" Injini akanong'ona.

Kule kwenye uzio Chileshe alikuwa amechomoa kichwa kwenye kitenge cha mashangazi, nywele zimevurugika, akasema kitu kirefu kwa Kihispania, akicheka na kulia. Hatukukamata hata neno moja. Professeur alijaribu, akaacha.

Kijana akainua mikono yake mirefu, akaipeleka nyuma juu ya kichwa chake, akapapasa hewani mpaka akagusa sinia. Akaliinua kutoka kichwani mwa mama mkwe wake, akalipitisha juu, akalishusha kifuani. Halafu akaketi kwenye ngazi ya basi, hapohapo mlangoni, akanawa. Kimya aliliachia begi, akalichukua bakuli ili amshikie.

Olipa hakugeuka. "Nkambo," akaniita. "Anakula?"

"Anakula, mwanangu."

"Anakula namna gani?"

"Ameungua vidole. Anapuliza. Sasa anachovya mchuzi."

"Anachovya sana?"

"Mpaka kifundo cha mkono."

Mabega yake yakashuka, ndipo nilipoona jinsi yalivyokuwa yamepanda. Douane alimwendea, akamshika mkono, wakasimama pamoja.

Tukamgeukia Sheria. Alikuwa anasugua kidevu, anaangalia migongo, anaangalia sinia.

"Mukwe hakuona mama," akasema mwishowe. "Mama hakuona mukwe. Hakuna aliyepita mbele ya mwenzake. Chakula imeletwa na mukono ya mama mwenyewe..."

"Na kichwa," Injini akamsahihisha.

"Na kichwa. Basi hakuna kesi. Tuliopo tunyamaze."

Magunia yalikuwa yamekwisha kushushwa. Dereva alitazama mgeni aliyekaa ngazini, akazima injini, akaegemea usukani kama mtu asiye na safari. Ndani, abiria waliokuwa wakiendelea Kashikishi wakaanza kunung'unika. Mmoja akapiga bati kwa kiganja.

"Kondakta! Mbona tumesimama? Kuna nini huko mlangoni?"

Kondakta akapanda juu ya kiti ili asikike mpaka nyuma.

"Mukwe anakula chakula ya mama mukwe," akasema. "Mara ya kwanza. Kila mutu aangalie upande wa ziwa!"

Na basi zima, na watoto waliobebwa, wakageuza nyuso dirishani upande wa ziwa, wakakaa kimya kabisa mpaka chakula kikaisha.